Mwanangu Aliniita Shangazi

"Shikamoo shangazi."

Aliyeniamkia hivyo ni Elias, mwanangu wa kumzaa, mbele ya mwalimu wake, siku ya wazazi shuleni kwake, kule Butimba.

Mwalimu akaniangalia. Mtoto ana miaka tisa. Nimemnyonyesha mwenyewe.

Aisee, nilichoka.

Mimi na baba yake, Nestory, tuliachana kwa ugomvi, Elias akiwa na miaka saba. Nikahamia Mkuyuni na cherehani yangu, mtoto akabaki kwake. Kila Jumamosi nilikuwa naenda kumwona. Mwanzoni alikuwa anakimbilia getini. Baadaye akawa anachungulia tu dirishani. Mwisho akawa anatoka Nestory, kavaa kandambili, ananiambia:

"Mtoto hataki. Nimlazimishe?"

Dada yangu Selina akanipa makavu. "Mwambie huyo mtoto baba yake alivyokuingizia mwanamke ndani! Unamfichia nini?"

Maneno yalinifika kooni. Nikayameza.

Nikaenda ustawi wa jamii. Mama mmoja pale akaniambia, "Usimseme vibaya baba yake. Wewe endelea kuonekana. Mimi nitamwita."

Basi nikaendelea. Nasimama getini, naita, "Elias, mama nipo!" Hatoki. Narudi zangu. Majirani wakanizoea kama muuza maziwa.

Siku ya wito Nestory akaja na mtoto, anajiamini kabisa.

"Muulizeni mwenyewe."

Yule mama wa ustawi akainama. "Elias, kwa nini hutaki kumwona mama?"

Mtoto akamtazama baba yake, kisha sakafu.

"Baba alisema mama aliondoka kwa sababu hanipendi. Nikimpenda mama, na baba ataondoka. Nitabaki na nani?"



Kumbe hakunichukia, hata siku ile aliponiita shangazi. Alikuwa anamlinda mzazi mmoja aliyebaki.

Nestory akafunika uso. "Nilidhani amenichagua mimi," akasema taratibu.

Nilikuwa na matusi ya miaka miwili kifuani. Sikuwa na nguvu ya kuyatoa. Nikapiga magoti mbele ya Elias.

"Baba haondoki. Na mimi siondoki. Ukimpenda baba, mimi sikasiriki."

Hakunikumbatia. Aliuliza tu kama kwangu kuna televisheni.

Siku hizi wikiendi analala kwangu. Kuna siku ananinunia bila sababu. Napika, nanyamaza, namtengea.

Mzazi mwenzangu, mtoto akikukataa, wewe usimkatae. Na wewe unayemjaza maneno ukidhani unamvuta kwako: hajakuchagua. Anaogopa kukupoteza.