Kibao Katika Maharage

Juzi nilifungua daftari la Kiingereza la mtoto wa dada yangu. Mwalimu alikuwa ameandika neno moja, mine, na chini yake maana tatu: yangu, mgodi, bomu la kutegwa ardhini. Nililifunga haraka.

Zamani, kule kijijini kwetu Mushaki, nilijua ile maana ya kwanza tu. Tulikuwa tumerudi nyumbani baada ya vita. Mvua ilikuwa imekatika, na shamba letu, tulilolipanda kabla ya kukimbia, lilinukia udongo na majani ya maharage. Katikati yake askari wa kigeni walikuwa wamesimika kibao chekundu. Nilisoma: mine. Nilikasirika. Nani huyo anayesema shamba la mama yangu ni lake? Niliingia ili niking'oe.

Nilikuwa nimepiga hatua kama kumi niliposikia sauti ya mama kutoka barabarani.

"Furaha, simama! Usisogeze muguu!"

Nilisimama. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele hivyo.

"Angalia fasi ulikanyaga. Rudia mule mule, moya moya."

Nyayo zangu zilionekana kwenye matope. Nilizirudia moja moja, majani mabichi yakinigusa miguu, bila kujua ninaogopa nini.

Aliponishika hakunipiga. "Ulifwata nini mule?"

"Waliandika iko yao, mama. Nilitaka kuwaambia iko yetu."

Alinikumbatia, akalia.

Msimu ule hatukuvuna. Tulisimama barabarani tukayatazama maharage yetu yakikauka, yakipasuka, punje zikidondoka chini.