Pasi Ndogo Ilikuwa ya Moto

Mstari halikuwa jina lake la kuzaliwa, ila hata mchungaji alimwita hivyo. Alikuwa dobi, na suruali iliyotoka mikononi mwake ilinyooka mstari hadi wateja wakaogopa kuikalia. Alifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Humo mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kopo la maji lililotobolewa kifuniko, na pasi ya mkaa nzito iliyomvimbisha msuli wa mkono mmoja tu. Pasi nyingine ndogo, ya marehemu mama yake, ilikaa chini ya meza ikila kutu.

Kazi hiyo ilikuwa imemfanya mtu wa shaka, na usimshangae. Anayepekua mifuko ya watu kila siku kabla ya kuloweka nguo hujua mengi asiyoyaomba. Mstari alijua nani anavuta sigara kwa kujificha, na mzee gani wa kanisa hatembei bila peremende za kuua harufu ya mdomo. Hakumwambia mtu. Alirudisha kila kitu mahali pake nguo ikishakauka, na Jumapili akaimba na watu haohao uso mkavu. Lakini kazi ilimfundisha kwamba hakuna doa lililojileta. Liwe la chai, la mafuta au la damu, lina mahali lilipotoka, na ukipajua utaliondoa.

Ndipo homa ikaingia mtaani. Shule zikafungwa, watu wakafunika midomo, kanisani wakaingia wachache wachache huku wakitazamana kwa jicho la pembeni kila mara mmoja akikohoa. Nguo za kufua zikaacha kuja, maana nani angetaka shuka lake lilowekwe beseni moja na la mgonjwa? Waliobaki ni wauguzi wa zahanati na makoti yao.

Mkewe aliugua miongoni mwa wa kwanza. Wagonjwa wenzake waliinuka wakarudi sokoni, ila yeye homa ilipoondoka ilimwachia kifua. Alihema kama anapanda kilima, na kumbe amelala. Daktari alisema mapafu yamechoka, akampa vidonge, kisha akatazama dirishani. Mstari hakupenda kule kutazama dirishani. Binti yao pekee alikuwa ameolewa mbali na njia zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo aliyekuja kumuuguza ni dada wa mkewe.

Hata na Mungu Mstari hakuwa na amani. Kuomba aliomba, kila asubuhi akipepea mkaa, lakini aliomba kama mteja aliyeambiwa nguo yake ingekuwa tayari jana. Akishasema amina alisimama kidogo akitega sikio. Hakuna kitu. Mkaa unalia, mke anakohoa chumba cha pili, basi. Akaanza kuhisi kwamba kuna jambo anafichwa, tena na mkubwa wa wote.

Asubuhi moja alirudi kutoka kupeleka makoti ya zahanati. Akainama kuchukua kopo la maji, na mkono wake ukagusa pasi ndogo. Ilikuwa ya moto.

"Nani ametumia hii pasi?"

Shemeji yake alitokea mlangoni haraka mno. "Pasi gani, shemeji?"

"Hii yenye kutu. Ambayo leo haina kutu."

"Labda jua limeipiga."

Jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba. Tangu hapo Mstari akawa mpelelezi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aligundua kwamba mkaa unapungua kuliko kazi. Aligundua harufu ya wanga wa nguo chumbani kwa mgonjwa, ambako hakuna nguo ya kutia wanga. Akiingia, dada wawili hukata maneno katikati na kuanza kusifu hali ya hewa. Kwanza alidhani shemeji anachukua wateja wake kwa mlango wa nyuma. Akaliacha wazo hilo, kwa sababu wateja wenyewe wako wapi? Kisha likamjia baya zaidi. Mkaa, wanga wa nguo, mambo yanayofanyika mwenye nyumba akitoka. Si ndivyo waganga wanavyoagiza?

Wazo hilo lilikuwa bado bichi pale Mama Maono alipomkuta mlangoni. Huyu alikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi, mama mwenye sauti nzito na moyo usio mbaya, tatizo lake ni kwamba Mungu hakuwahi kumwonyesha maono ya jambo lililomhusu yeye mwenyewe.

"Ndugu yangu, tumefunga na tumeomba, mbingu zimekuwa shaba," alisema. "Wengine wamepona. Kwa nini huyu asipone? Unamkumbuka yule mtu wa kale aliyefukia vitu vilivyokatazwa chini ya hema lake, jeshi zima likapigwa kwa ajili yake? Humu ndani kuna kitu."

Mwingine angemfukuza. Mstari alihisi nafuu. Hatimaye kapatikana mtu anayeona mateso kama yeye anavyoona doa.

"Jumamosi tunakuja," Mama Maono akasema. "Lazima tupekue."

"Kupekua ndiyo kazi yangu," Mstari akajibu.

Angeweza kumuuliza mkewe. Kati ya meza ya pasi na kitanda cha mgonjwa palikuwa na pazia tu. Watu wawili wamezeeka pamoja, wamemzika mtoto pamoja, wamelala njaa pamoja, halafu mwanamume mzima anamvizia mke wake kama mwizi wa kuku. Mimi namlaumu, na yeye mwenyewe siku hizi anajilaumu.

Jumamosi wakaja, akina mama wanne waliofunika midomo, wakakizunguka kitanda. Waliimba kwa sauti ya chini. Mgonjwa aliegemea mito, macho yake makubwa usoni palipokonda, akitikisa kichwa kufuata wimbo.

"Dada," Mama Maono alisema, "fungua moyo. Kuna kitu umeficha?"

Mgonjwa alimtazama mumewe, si yeye. "Kipo," akasema. "Lakini si cha kuonyesha leo."

Chumba kikawa baridi. Mstari aliona shemeji yake amesimama ubavuni mwa kitanda, miguu ameibana, sketi yake ikiziba mvungu.

"Shemeji, sogea."

"Shemeji, nakuomba, acha."

"Sogea!"

Akapiga magoti, akaingiza mkono mvunguni, akavuta furushi lililofungwa kwa shuka. Akina mama wakarudi nyuma pamoja, mmoja akaita damu ya Yesu. Mstari akalifungua fundo, na lilipofunguka mikono yake ilifanya ilichozoea, ikatafuta mifuko. Mifuko haikuwapo.

Lilikuwa gauni jeupe, jipya, mikono mirefu. Kifua kilikuwa kimetiwa wanga na kunyooshwa vizuri. Mkono wa kulia ulikuwa safi, wa kushoto umekunjamana, na karibu na kiwiko pana alama ya kuungua. Akaligeuza. Nyuma lilikuwa wazi kutoka shingoni hadi kwenye pindo, bila kifungo wala kamba. Mstari alikuwa amepiga pasi nguo za namna hiyo miaka mingi, na wenye nazo hawakuwahi kurudi kulalamika. Nguo huachwa wazi hivyo ili avalishwe mtu asiyeweza tena kuinua mikono.

Akakaa sakafuni. Swali lililomtoka lilikuwa la kijinga kuliko yote aliyowahi kuuliza.

"Nani ameipiga pasi?"

"Mimi," mkewe alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Dada ameshona, mimi nikapiga pasi, ubao mapajani. Huo mkono wa kushoto umenishinda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nguo zote za nyumba hii umezipiga wewe. Hii sikutaka uipige wewe. Ningekuomba kwa mdomo gani, baba watoto?"

Mama Maono alikohoa kidogo. Aibu ilikuwa imemshika, ila mazoea yalikuwa na nguvu kuliko aibu. "Lakini dada, huku ni kukata tamaa. Kumficha Mungu jambo kama hili..."

"Mungu sijamficha. Nimemwambia sitaki kufa. Nimemwambia naogopa, nikamlilia, nikamgombeza. Niliyemficha ni huyu tu."

"Na akakujibu nini?" Mstari aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye wivu.

"Hajajibu kitu. Anakuja tu anakaa hapa. Nyinyi mkitoka wote, anakaa."

Mstari alikumbuka asubuhi zake zote kando ya mkaa, amesimama ametega sikio, akikidhania kile kimya kuwa hila. Akalia, gauni limemjaa mapajani, na hakujali nani anamwona. Mama Maono akatafuta kigoda, akakaa, akaomba maji ya kunywa. Maombi ya siku hiyo yakaishia hapo.

Walipokwenda, Mstari alileta sindano na uzi.

"Unafanya nini?" mkewe akauliza.

"Naziba mgongo. Kwangu hapa nguo haitoki ikiwa wazi."

Mkewe alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka dada mtu akaja mbio. Mstari akashona mgongo wote, akawasha pasi ndogo, akaumaliza mkono wa kushoto. Ile alama ya kuungua haikutoka. Yeye aliyejua dawa ya kila doa hakuitafutia dawa.

Kesho yake waliazima kiti cha magurudumu zahanati. Mkewe aliingia kanisani amevaa lile gauni, mtandio mabegani, mumewe akisukuma. Minong'ono ikatembea kwenye mabenchi, maana habari za furushi zilikuwa zimeshazunguka mtaa mzima, na sasa furushi lenyewe linaingia likiwa na mtu hai ndani yake. Mama Maono alisimama, mikono juu, machozi yanamtoka.

"Bwana asifiwe! Dada yetu ameponywa!"

Mgonjwa alimpungia mkono uleule wa alama, akasubiri mpaka akapata pumzi ya kutosha.

"Sijapona, Mama Maono," akasema. "Nimevaa tu."