Moshi wa Ubani Nao Ni Moshi

Ngowa, dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya Likoni kwa miaka kumi na mmoja, hakuna mgonjwa aliyemchosha kama yule asiye na jeraha. Mwenye jeraha hubebwa mbio. Asiye nalo huambiwa hana kitu.

Obeid hakuwa na jeraha. Banda lao la kukaushia mbata, zile nazi kavu, lilipowaka, mwaka ule wa sitini na moja, aliingia kuokoa magunia, akatoka kwa miguu yake, akaenda kulala. Ngowa alipata habari adhuhuri, akafunga zahanati, akamfuata. Alimkuta sauti inakwaruza, vinyweleo vya pua vimeungua, makohozi meusi kama masizi. Na chumba kimejaa moshi! Mamake, Bi Zubeida, amefunga madirisha yote, anamzungushia mwanawe chetezo cha ubani.

"Mama, toa hicho! Moshi ndio uliomuumiza."

"Ule ulikuwa moshi wa mbata, Ngowa. Huu ni wa ubani, wafukuza hasidi."

"Koo lavimba kwa ndani. Likiziba ndiyo basi. Tumvushe hospitali sasa hivi, akapewe hewa ya mtungi."

"Hata lengelenge hana," alidakia jirani. "Wataka kwenda kumfunga bendeji wapi?"

Wakacheka. Ngowa alibembeleza, akaapa, akafoka, wakamletea kahawa. Mpaka alasiri, Obeid alipoanza kuvuta pumzi kwa mlio kama msumeno, ndipo chetezo kilipowekwa chini.

Walipofika kivukoni, feri ilikuwa imeondoka. Walingoja, Ngowa amemkalisha mgonjwa kitako, akigombana na kila aliyetaka kumlaza "apumzike". Hospitalini walimtoboa koo, wakamtia mrija apumulie.

"Mngemleta mapema," daktari alimwambia Ngowa.

Obeid alirudi baada ya wiki tano, ana kovu shingoni, kifua kinapiga mluzi, hafiki msikitini bila ya kupumzika mara mbili. Ngowa alipokwenda kumjulia hali, alimkuta nje barazani, anakohoa, ameikimbia nyumba yao wenyewe. Harufu ilitoka hadi njiani.

"Ubani tena, Mama?"

"Huu ni wa shukrani, mwanangu. Karibu ndani."

Ngowa aliingia, lakini hakuketi. Alifungua madirisha, moja baada ya jingine, kwa kishindo, na Bi Zubeida yu nyuma yake, chetezo mkononi, akinung'unika kwamba dresa huyu hana adabu.