Kuku Aliyekula Kura za Mayu Minza

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Bariadi, nilikabidhiwa fremu ya chuma ya mraba, mita moja kila upande. Nikadhani ni ya dirisha. Nikamuuliza Mtafiti Mkuu nyumba yenyewe iko wapi. Hakucheka. Alikuwa mtu asiyecheka kabla ya chakula cha mchana, na baada yake pia.

"Hiyo unairusha nyuma ya bega bila kutazama," akasema. "Itakapoangukia, andika kilichomo ndani."

Ndiyo ilikuwa kazi yetu, wanangu, na nimeifanya hadi nilipostaafu mwaka jana. Tulichunguza faida ambazo watu huzipata kwenye ardhi yao bila kwenda dukani: maji, malisho, kuni, asali, dawa. Tulitaka hasa kujua zipi hukaa pamoja na zipi hukimbiana. Miti ikiongezeka, nyasi zinapungua? Pamba ikiingia, nyuki wanakwenda wapi? Mimi nilikuwa msaidizi wa uwandani, maana yake mtu anayelowa mvua ili mwingine aandike ripoti.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mkula. Niliirusha fremu kwa imani kubwa, ikamvaa mbuzi shingoni, akatimua nayo mpaka kwa jirani. Nikaandika kwenye fomu: "Mbuzi mmoja, anakimbia." Mtafiti Mkuu aliisoma mara mbili, akasema, "Umefuata maelekezo." Sijui mpaka leo kama alinisifu.

Kutoka huko tulihamia Lalago, na huko ndiko nilikotaka kuzikwa nikiwa hai.

Palikuwa na mjane, Mayu Minza, yaani Mama Minza kwa Kisukuma, aliyeachiwa ngitili na marehemu mumewe. Ngitili ni eneo ambalo sisi Wasukuma hulifunga masika ng'ombe wasiingie, ili kiangazi kikikaza wapate cha kula. Shemeji yake, Masunga, aliitaka aifyeke alime pamba. Kijiji kikasema jambo hilo litaamuliwa mkutanoni, na wataalamu nao watasikilizwa. Kwa hiyo fomu yangu ilikuwa imebeba ng'ombe wote wa yule mama.

Tulikuwa na njia iitwayo kura za kokoto. Unatandika karatasi kubwa chini, yenye picha ya kila faida kwenye chumba chake. Mhojiwa anapewa kokoto ishirini, anaweka nyingi pale anapoona pana maana zaidi. Tatizo ni kwamba ardhi ya pale ni udongo mweusi wa mbuga. Kokoto huipati hata ya kumtupia mbwa.

"Mwangaluka, mayu. Sina kokoto," nikamwambia baada ya kumsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanawane," akaitikia, akiniita mwanawe. "Dengu hazifai?"

Nikaona huo ni ubunifu. Akazipanga dengu taratibu, huku akifikiri. Kisha akanikaribisha ndani nile matobolwa kwa maziwa mgando, na viazi vile vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa havikataliwi na mtu mwenye adabu. Nikaweka kofia yangu juu ya karatasi isipeperuke, nikaingia.

Nilipotoka nilimkuta kuku akijipangusa mdomo kwenye vumbi. Dengu zilizobaki zilikuwa saba tu, zote chini ya kofia, na kofia ilikuwa juu ya picha ya nyasi. Niliona aibu kumsumbua tena mama wa watu. Nami si niliambiwa niandike kilichomo? Nikaandika: nyasi, saba; maji, kuni, asali na dawa, sifuri.

Siku ya mkutano ripoti ikasomwa ndani ya ofisi ya kijiji. Masunga akasimama, amenyoosha shati.

"Mmewasikia wataalamu wenyewe. Pale pana nyasi tu. Nitamwachia shemeji ukanda wa nyasi, kwingine nilime pamba."

Mayu Minza akanigeukia. Alinitazama tu. Nikayakumbuka matobolwa yake. Nilijua nikisema nitafukuzwa kazi, na nilijua nikinyamaza sitalala tena. Nikasimama.

"Mwenyekiti, naomba kusahihisha. Takwimu zililiwa."

"Zililiwa na nani?"

"Na kuku."

"Kuku wa nani?"

"Wa mhojiwa."

Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje. Mtafiti Mkuu alifumba macho. Mwenyekiti akaamuru kura zirudiwe palepale, mlango ufungwe. Mayu Minza akapewa dengu ishirini. Akazimwaga zote katikati ya karatasi, fungu moja.

"Mama, tafadhali zigawe," akasema Mtafiti Mkuu. "Kila picha na dengu zake."

"Baba, mlituambia mmekuja kutafuta vitu vinavyokaa pamoja. Mbona mnanituma nivitenganishe? Masunga akikata miti, nyuki wanahama. Jua likipiga, kisima kinakauka. Hizo nyasi ng'ombe watazimeza kwa mate?"

Mzee mmoja akadakia, "Na wewe Masunga, mizizi ya dawa ya huo mgongo wako unachimba wapi?"

Masunga alijishika kiuno kabla hajajua amejishika. "Kwa shemeji," akasema.

Kesi ikaishia hapo. Ngitili haikuguswa.

Garini, tulipokaribia Bariadi, Mtafiti Mkuu alinigeukia. Nilikuwa nimeshaanza kutunga barua ya kuomba radhi. "Kesho," akasema, "utatengeneza karatasi isiyo na vyumba. Na utatembea na kokoto zako." Kisha akacheka, akacheka mpaka akavua miwani, na tulikuwa hatujala.

Nilipostaafu, ofisi iliniuliza nataka zawadi gani. Nikaomba fremu. Mayu Minza naye alipanda basi kutoka Lalago, akaniletea chupa ya asali ya ngitili na tetea mmoja mwekundu. "Huyu ni kitukuu wa yule mtafiti mwenzako," akasema. Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia.

Ile fremu hatimaye imekuwa dirisha, la banda la kuku. Kila asubuhi nasimama mbele yake na kikombe cha chai, naandika kilichomo ndani kama nilivyofundishwa: kuku mmoja, ameshiba.