Kombaini Namba Saba

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekana jambo moja, tena mbele ya watu wenye akili zao. Nilipoandika programu ya kwanza ya kampuni yetu, programu ya kutunza vipuri vya kombaini za kuvunia ngano, sikuwa nimewahi kuona kombaini ikivuna. Nilikuwa nimeiona kwenye picha, na mara moja kutoka dirishani mwa basi, ikiwa imesimama. Basi halikupunguza mwendo.

Tulikuwa watatu, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la mbegu, Mbulu mjini: mwalimu wa hesabu aliyeacha kufundisha, mwenzangu niliyesoma naye chuo kikuu, na mimi. Ombi la shamba la ngano la serikali kule Hanang lilipokuja, wote wawili wakanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyelelewa juu ya magunia, kwamba ngano naijua. Nyumbani kwetu ni kijiji cha Daudi. Tunalima mahindi na maharage.

Kompyuta ilikuwa moja, na umeme ulitoka kwenye jenereta la mwenye duka, saa chache tu kwa siku. Kwa hiyo programu tuliiandika kwenye madaftari, kwa penseli, kisha tukasomeana. Mmoja alisoma mstari kwa mstari. Wa pili alikuwa ndiye mashine, akisema angefanya nini. Wa tatu alikuwa mtumiaji mkaidi, anayebonyeza kila asichotakiwa kubonyeza, na mwalimu alikuwa na kipaji cha ukaidi. Jenereta likiwashwa, iliyobaki ilikuwa kazi ya kuchapa tu. Baadaye nimefanya kazi kwenye ofisi za vioo na viyoyozi, na sijaona programu zenye makosa machache kama zile za penseli. Hilo silisemi kwa unyenyekevu.

Meneja wa shamba alitupa sharti. Jaribio litakuwa wakati wa mavuno: kombaini ikiharibika, kompyuta ionyeshe kipuri kilipo kabla mtunza stoo hajakitaja. Ikishindwa, tubebe disketi zetu. Mteja mwingine hatukuwa naye. Mwalimu angerudi darasani, na mimi kwenye maharage.

Mtunza stoo alikuwa mama mtu mzima, wa familia ya wafugaji wa tambarare ya Hanang, asiyeandika kitu kwa sababu alikumbuka kila kitu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaniacha nimwonyeshe orodha yangu nzuri ya rafu na makasha. Aliitazama hadi mwisho.

"Zilizochinjwa umeziweka wapi?"

Sikuelewa. Akaniuliza kama nimewahi kuiona kombaini. Nikasema, mama, mimi nimekulia huku.

"Huku ni wapi?"

"Daudi."

Akamgeukia fundi aliyekuwa mlangoni. "Umesikia? Daudi kombaini zinavuna maharage."

Kisha akanipeleka nyuma ya karakana. Kombaini kumi na moja zilikuwa zimesimama kwenye nyasi, nyingine hazina matairi, nyingine zimebaki mifupa. Vipuri vipya vilikuwa havijaja kwa muda mrefu, hivyo mashine ikifa waliichinja, na kila kiungo kilikuwa na mwenyewe, kama nyama inavyogawanywa kwao ng'ombe akichinjwa: hiki cha huyu, hiki cha yule. Nusu ya stoo ya shamba lile ilikuwa pale nje, na programu yangu ilijua makasha tu.

Nilikaa siku tatu. Mama alitaja kilichobaki kwenye kila mashine, fundi akapanda kuhakikisha, mimi nikaandika. Niliporudi Mbulu niliwaambia wenzangu kwamba habari za kuchinja nilizijua siku zote, nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya awamu ya pili. Mwalimu alinitazama, akachonga penseli. Tulifuta nusu ya programu, tukaandika upya, tukasomeana mpaka sauti zikakauka. Sasa kila kipuri kilikuwa na anwani yake, iwe kasha au tumbo la mashine fulani. Tulishuka tena Hanang kabla ya mavuno, na mama akajifunza kuchapa kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayepima joto la maziwa.

Wiki ya kwanza ya mavuno tulikaa chumbani bila kufanya lolote la maana. Siku ya nne mwenye duka akaniita kwenye simu yake ya mezani. Alikuwa ni yule mama, anapiga kutoka ofisini kwa meneja. Nikamwamkia. Akaniambia kombaini moja imesimama tangu asubuhi, puli ya kuzungusha mkanda imepasuka.

"Nikasema puli za namna hiyo zimekwisha. Meneja akasema, haya, iulize kompyuta. Ikasema ipo moja, kwenye iliyochinjwa namba saba, ubavu wa kushoto."

"Na ipo?"

"Ipo. Hiyo nilikuwa nimeisahau."

Wenzangu walikuwa wamesimama mlangoni, wananisoma uso.

"Meneja amesema programu ibaki," mama akaendelea. "Na ile mashine inatembea tena, naiona dirishani. Njoo uione ikivuna, mtoto wa maharage. Usife hujaiona."

Nikasema nakuja, mama, nikakata simu. Mwalimu akauliza amesemaje. Nikamjibu kwamba amesema programu ibaki. Hayo mengine nimeyabakiza moyoni hadi leo.