Siku Tuliyopewa Zamu ya Mbele

Mpaka leo mtu akiniuliza binti yangu aliposwa wapi, namjibu: mchangani, Jumamosi mchana, na mie mamake nilikuwepo na sikuwa na habari. Watu hucheka wakidhani nafanya mzaha. Wallahi si mzaha.

Lilianza jikoni kwetu, Nizwa, Oman. Binti yangu alikuja kusimama karibu yangu nikikata vitunguu, nikajua ana jambo, maana yule si mtu wa jikoni hata kidogo. Akasema yupo kijana anayefanya naye kazi, mtu wa Bidiya, ukingoni mwa jangwa, wazee wake mabedui wa mchangani hasa. Na wazee hao wanatualika tukaendeshe gari mchangani pamoja, familia kwa familia.

"Kuendesha gari?" nikamuuliza. "Wanataka kuposa au wanataka mashindano?"

"Sijui, mama. Kaniambia tu babake anataka kuonana na baba."

"Kuonana si waje hapa? Majlisi ya wageni tunayo, mito imefuliwa juzi."

Akaokota ganda la kitunguu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba akimkataa sitagombana naye. Lakini msinitafutie mwengine."

Kisu nikakiweka chini. Huyu ni mtoto asiyejua kung'ang'ania kitu. Tangu mdogo, ukimnyang'anya anaachia, anakwenda kucheza na kingine. Sijapata kumsikia akisema "hiki tu". Nikamwambia haya, tutakwenda, babako niachie mie.

Babake ana duka la vipuri Firq, kwenye magereji. Kazaliwa Bujumbura, kaja Oman kijana, na gari anaijua mpaka msumari wake wa mwisho. Ila kujua gari si kujua mchanga, na hilo kumwambia ni ugomvi. Jambo jingine, ni mwepesi wa kuhisi kadharauliwa. Alipofika nchi hii walimcheka Kiarabu chake, wakamwita Mwafrika, na kidonda kile hakijafunga vizuri. Mtu akichelewa tu kumwitikia salamu, siku nzima imeharibika.

Mie nimezaliwa huku huku, kwa mama wa Unguja, na posa naijua kama tulivyolelewa. Anatumwa mshenga, mtu mzima wa maneno yake. Anakaa, anazunguka weee, anasifu nyumba, anasifu halua, mwisho anatamka. Ukimjibu umemjibu. Binti yangu mkubwa aliolewa hivyo, na mtoto wa shoga yangu, sisi kwa sisi. Hili la kuposana na mabedui lilikuwa jipya kwetu. Usilolijua ni kama usiku wa kiza, na mie niliingia kizani na chupa yangu ya kahawa mkononi.

Tulikutana nao Bidiya asubuhi, kwenye kituo cha mafuta. Gari tatu: yetu, ya baba wa kijana pamoja na mkewe, na ya kijana mwenyewe aliyepakia kuni na nyama. Baba wa kijana ni mtu mrefu, mkavu, ndevu nyeupe, maneno yake ya kuhesabu. Tulipokwisha kupunguza upepo wa matairi, yasizame mchangani, akatueleza utaratibu.

"Tutapokezana," alisema. "Anayeongoza ndiye anayechagua njia na pa kupumzika. Na pale pa kupumzika ni kwake, yeye ndiye mwenyeji, kahawa ni yake. Wengine wote wageni wake. Na hakuna kumwacha mtu, awe nyuma awe mbele."

Akaanza yeye. Aliendesha kama mtu anayepita sebuleni kwake, anapanda vilima vya mchanga kwa upole, anateremka, sisi nyuma tunaweka matairi kwenye alama zake. Aliposimama akatandika mkeka, akatumiminia kahawa, mkewe akaleta tende. Nikasema moyoni, sasa, maneno ndiyo haya yanakuja. Nikajikalia vizuri, nikaweka ushungi sawa. Yule bwana akazungumza habari za mvua. Akazungumza habari za mbuzi. Akamuuliza mume wangu kuhusu matairi gani yanafaa, mume wangu akamjibu kwa kirefu. Kisha akatikisa mkono kupangusa mchanga, akasema, "Haya, zamu yenu."

"Yetu?" mume wangu akashangaa. "Hapa kwenu, sisi tukuongoze wewe?"

"Zamu yenu," akasema tena, akaenda zake garini.

Nikamwangalia binti yangu, akaniangalia. Hakuna aliyeelewa kitu. Tumekuja kuposwa, tumekuja kupimwa, au tumekuja kunywa kahawa tu?

Basi tukaongoza. Jua lilikuwa utosini, na mchanga saa ile hauna kivuli, shimo na kilima ukiviona ni kitu kimoja. Kila upande sawasawa na mwengine. Kuna kichaka kimoja kikavu nilikiona kulia kwetu, baada ya muda nikakiona tena, kulia vile vile. Nikasema, "Mume wangu, kile kichaka mbona..." Akasema, "Vichaka vyote vinafanana." Tulikuwa na redio ndogo ya kuzungumzia na gari za nyuma, nikangoja yule bwana atusahihishe. Alichosema ni kimoja tu, "Vizuri, vizuri, tupo nyuma yenu." Sikujua kama ni adabu au anatucheka.

Mwisho mume wangu akachoka kutafuta, akasimama kwenye bonde dogo, akasema hapa ndipo alipopataka tangu mwanzo. Haya bwana. Nikatandika mkeka wetu, nikatoa halua, nikatoa finjani, vile vikombe vidogo visivyo na mkono. Mama wa kijana alimchukua binti yangu wakatembee ng'ambo ya kilima. Mtoto wa kiume wa kumimina hatukuwa naye, kwa hiyo nikamimina mie, wa kwanza mgeni.

Yule bwana akaipokea finjani kwa mkono wa kulia, akaiweka chini mbele yake, na mikono akaiweka magotini. Hakuinywa. Akamtazama mume wangu.

Kijana wake kainamisha kichwa, anachora mchangani kwa kidole. Mume wangu, kwa kuona kimya, akaanzisha hadithi ya shokamzoba za gari. Yule bwana anamtazama tu, na kahawa inapoa. Nikafikiri, labda imeshapoa, labda kaona mdudu. Nikainyanyua finjani, nikaimwaga mchangani, nikaisuuza, nikammiminia nyengine yenye moshi. Mwenzangu, lau ungeliona lile jicho alilonitazamia! Kama mtu aliyepigwa kofi msibani. Lakini akaipokea, na akaiweka chini tena, pale pale.

Hapo damu ikanichemka. Kahawa yangu? Hiliki naisaga kwa mkono wangu, zafarani situmii ya dukani ovyo, watu kutoka Ibra mpaka Sur wameinywa wakaomba ya kubeba. Na huyu anaiangalia kama dawa! Mume wangu naye hadithi ikamkatikia mdomoni, nikaona masikio yanamwiva. Nikaichukua finjani ya pili, nikaimwaga nayo, na safari hii nikaigeuza juu chini nikaiweka kwenye sinia.

Yule bwana akautazama ule mchanga uliolowa. Akasema, "Alhamdulillahi, nasibu." Akanyanyuka akaenda kwenye gari yake, mgongo umempinda kidogo, kitu ambacho asubuhi sikukiona.

"Umeona?" mume wangu akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Kahawa yetu haimpiti kooni. Sisi wa kuja. Katuleta mpaka huku kutuonesha hivyo tu. Kunja mkeka, twende."

Nikaukunja. Binti yangu alirudi akicheka na yule mama, akatuona nyuso zetu, kicheko kikamfia. Zamu ilikuwa ya kijana kuongoza, lakini mume wangu alitia gia akawapita wote, kuelekea tunakodhani iko lami. Kijana akaita kwenye redio kwa adabu, "Ami, zamu hii ni yangu." Mume wangu akaizima.

"Mama, kumetokea nini?" binti yangu akauliza kutoka nyuma.

"Babake kijana kaikataa kahawa yetu. Mara mbili."

"Kasema nini?"

"Hajasema kitu! Hiyo ndiyo dharau yenyewe."

Hakulia. Ndicho kilichonichoma, hakulia. Akakunja mikono yake mapajani, nikamwona kwenye kioo anafanya vile alivyofanya utotoni, anaachia.

Hatukufika mbali. Mume wangu aliteremka kilima kwa hasira akiona mbele pako sawa, kumbe ni shimo la mchanga laini, gari ikaingia pua. Akakanyaga mafuta, tukazama. Akakanyaga zaidi, tukazama mpaka milango. Akapiga usukani kwa kiganja, akasema neno ambalo siliandiki hapa.

Nikazisikia gari nyuma yetu. Nikasema, sasa watatupita, na haki yao. Hawakupita. Yule bwana akashuka na beleshi, kijana na lake, wakaanza kuchimba bila hata kutuuliza. Mume wangu akashuka akasimama pembeni kashika kiuno, hajui ashukuru au anune.

Mama wa kijana akaja dirishani kwangu. Alivaa barakoa ya kibedui, macho tu ndiyo yanaonekana, na macho yale yalikuwa mekundu. Kiarabu chao cha mchangani nakipata nusu nusu, lakini alisema polepole.

"Dada yangu, mmetukataa, nasibu, hatuna kinyongo. Ila niambie mama kwa mama, kijana wangu ana kasoro gani?"

"Sisi tumewakataa?" nikapiga kelele. "Nyie ndio mliotukataa! Mumeo kaidharau kahawa yangu mbele ya macho yangu!"

Akanikodolea. Nikamkodolea. Kisha akaushika mlango wa gari.

"Dada, huijui ile?" akasema. "Mtu akija na haja nzito haitamki. Akipewa kahawa anaiweka chini. Mwenyeji akiona hivyo humwambia, kunywa, haja yako umeipata. Ndipo anywe. Asipoambiwa, huondoka na kiu yake, na mambo yameisha."

"Na mwenyeji akiimwaga?"

Akafikiri. "Sijapata kuona," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza."

Lahaula! Nilitamani mchanga umalizie kunimeza, si ulikwisha kuanza? Nikamuuliza, sasa kwa nini asije nyumbani kama watu? Akasema mumewe alihofia, akija Nizwa na wazee wake kisha tukakataa, binti yetu atatiwa midomoni mwa watu. Huku tukikataa hakuna ajuaye. Na kwake mwenyewe hawezi kuomba, kwa sababu mtu haombi akiwa mwenyeji. Ndiyo maana akatupa sisi zamu ya mbele, katika mchanga wa babu zake, akatufuata tukizunguka kichaka kimoja mara mbili asiseme neno. Alikuwa anangoja tusimame popote, ili awe mgeni wetu.

Nyuma yangu nikasikia pumzi ikivutwa. Binti yangu alikuwa anasikia yote, na Kiarabu chake ni kizima, hakikosi hata neno.

Nilimvuta mume wangu kando nikamweleza. Akasema, "Ati nini?" mara tatu, kila mara sauti chini zaidi. Nikaitikisa chupa. Imebaki ya kutosha finjani moja, vuguvugu, na machicha yake. Nikaimimina, nikampelekea yule bwana pale anapochimba.

Alilichomeka beleshi mchangani, akaipokea kwa mkono uliojaa vumbi. Akatafuta pa kuiweka, hakuna mkeka, akaiweka juu ya boneti ya gari yetu. Akasimama anamtazama mume wangu.

Na mume wangu, mtu wa maneno, akanyamaza. Mwanzo nikadhani kiburi kimemrudia, nikataka kumfinya. Kumbe anamtazama binti yake. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na yule mtoto asiyejua kung'ang'ania alikuwa ameushika ukingo wa dirisha kwa vidole kumi, haoni haya, macho yake hayatoki kwenye finjani ile.

"Kunywa, ndugu yangu," mume wangu akasema. "Haja yako..." Akamsogezea finjani. "Kunywa tu."

Yule bwana akainywa yote, mpaka machicha, akaitikisa finjani kuonesha imemtosha. Mkewe akapiga kigelegele pale mchangani pasipo mtu. Kijana aliendelea kuchimba, maskini, anachimba mahali ambapo hapana hata tairi.

Walitutoa kwa kamba. Zamu ilikuwa ya kijana na mara hii aliongoza yeye, mume wangu akimfuata alama kwa alama mpaka lami. Siku nzima nilishughulika na kukasirika, sikupata hata nafasi ya kuogopa, na sasa ndiyo nikaogopa, maana nyumba yetu itabaki watu wawili.

Bidiya tulisimama kujaza matairi upepo. Mume wangu alichuchumaa na mpira wa pampu, akakaa hapo muda mrefu kwenye tairi moja.

"Hivi mke wangu," akasema bila kunyanyua kichwa, "mtoto tumemtoa?"

"Tumemtoa."

"Kwa finjani moja ya kahawa?"

"Tatu," nikamwambia. "Mbili nilizimwaga."

Akacheka, akafuta macho kwa mkono wenye grisi, akahamia tairi la pili.