Nati za Upande wa Kushoto

Ukimpelekea Ambroise Mugisho gari lenye nati iliyogoma, pale gereji kwake Kisenyi, atakuudhi kabla hajakusaidia. Atasimama mbele ya gurudumu na kutangaza kwa sauti, mtaa mzima usikie, nati hiyo inafungukia upande gani na ni nani aliyeiharibu. Kama ni wewe, atakutaja wewe, hata uwe umevaa suti. Wateja husema hana adabu. Wasemao hivyo hawakumjua zamani, alipokuwa na adabu kupita kiasi.

Mwaka sabini na tano alikuwa na adabu ya mkimbizi. Alikuwa ametoka Bukavu na mkewe Julienne, akafundishwa kazi na fundi wa Kihindi. Wahindi walipofukuzwa, mzee yule alimwachia sanduku la vifaa na siri moja ya kazi: kuna malori ya Kiingereza ambayo hesi za magurudumu ya kushoto zimechongwa kinyume. Ukitaka kufungua nati unazungusha kulia, kama mtu anayekaza. Asiyejua hukaza akidhani anafungua, na kadiri anavyotia nguvu ndivyo anavyozidi kuharibu.

Asubuhi moja tairi la mbele la lori la jeshi, upande wa kushoto, lilipasuka hatua chache kutoka gereji. Ndani walikuwamo Sajenti Kamis, askari wanne na dereva, Koplo Otim. Magari yote yalitakiwa kukaguliwa kambini Mbuya saa sita kamili, na siku hizo kuchelewa kuliitwa hujuma, na kwa hujuma lazima apatikane mtu wa kubebeshwa. Otim alikuwa Mwacholi, kabila ambalo wakubwa wa jeshi hawakuliamini. Wenzake kadhaa walikwisha kuitwa ofisini kwa dakika mbili, wasionekane tena. Ambroise alimfahamu vizuri, kwa kuwa mkewe Otim, Akullo, ndiye aliyempokea mtoto wa kwanza wa Julienne kwa mikono yake mwenyewe, usiku ambao hakuna gari lililothubutu kutoka.

Kamis alishika spana mwenyewe, akavuta kushoto. Otim akaanza kusema, "Afande, hii ya kushoto nafunguka..." Kofi likamkatisha. Sajenti akapanda juu ya mpini wa spana, akarukaruka na mabuti yake mpaka spana ikateleza, na nati tatu zikabaki mviringo, hazina hata kona moja ya kushikia. Askari wengine wakajifanya wanaangalia barabara. Saa nzima ilipotea hivyo, Ambroise akitazama kutoka mlangoni kwa gereji, ndipo alipoitwa.

Alizitupia nati jicho mara moja akaelewa yote. Akapiga magoti, akazimwagia nati mafuta ya taa, akachagua soketi ndogo kidogo kuliko nati na kuigongelea kwa nyundo mpaka ikauma. Kisha akakaa mkao wa kuziba gurudumu kwa mgongo, sajenti asione kwamba anazungusha kulia na kuaibika mbele ya askari wake. Alijiona mjanja kweli. Nati ya kwanza ikalia, ikaachia. Ya pili ikamtoa jasho. Ya tatu ilikataa kabisa, ikabidi aipasue kwa tindo, polepole, asije akavunja bolti. Tairi la akiba lilipokaa mahali pake ilikuwa saa saba.

Walikuwa wamekwisha kuchelewa, na Kamis alikuwa anatafuta wa kubebeshwa. Akaokota nati moja iliyoharibika, akamsogezea fundi usoni.

"Hii liharibika sababu gani?"

Ukweli ulikuwa maneno machache tu. Ambroise akayaogopa, akatafuta jibu ambalo halitamuudhi mtu yeyote.

"Ni kutu, afande. Kutu tu."

"Kupaka girisi ni kazi ya nani?"

Hapo ndipo alipoona alichofanya. Akamtazama Otim, lakini Otim alikuwa anatazama chini.

"Nauliza wewe, fundi."

"Ya dereva, afande."

Sajenti akaitia ile nati mfukoni, akawaambia askari wake kwamba wamesikia, fundi mwenyewe amesema. Otim akavuliwa mkanda na kupandishwa nyuma ya lori, na askari mwingine akashika usukani. Kabla hawajaondoka Otim aliinama kidogo kuelekea kwa Ambroise.

"Mwambie Akullo," akasema. Hakupewa nafasi ya kusema zaidi.

Otim hakurudi siku ile, wala wiki ile, wala hata leo.

Jioni hiyohiyo Ambroise alikwenda kwenye chumba cha Akullo, chini ya kilima cha Mbuya. Alimkuta akikaanga mbegu za simsim, binti yake Acen amelala mkekani. Ambroise alikuwa ameona haya njia nzima, na haya hiyo ndiyo iliyomfanya asifiche kitu. Alieleza kuhusu lori, kofi, nati, kutu, hata jinsi alivyoziba gurudumu kwa mgongo wake na kujiona mjanja. Akullo aliacha simsim iungue. Hakulia, na hakumkaribisha kukaa.

"Mume wangu alijua nati nafunguka wapi," akasema. "Alisema kweli, ndiyo walimpiga hapa." Akajigusa shavu. "Wewe, baba, walikupiga wapi?"

Ambroise hakuwa na mahali pa kumwonyesha.